Wengi Wape? Kingatiba ya Matende Kisiwani Mafia na Pingamizi Dhidi ya Falsafa ya Manufaa

Mwaka 2000 Wilaya ya Mafia, iliyo baharini mbele ya delta ya Mto Rufiji katika Mkoa wa Pwani, ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kuanza kumezesha dawa jamii nzima ili kuutokomeza ugonjwa wa matende na mabusha. Dawa zilikuwa mbili, ivamektini na albendazoli, zikitolewa mara moja kwa mwaka, bila malipo, kwa mgonjwa na kwa asiye mgonjwa. Mtu mzima mwenye nguvu zake, asiyepata kuona dalili yoyote mwilini mwake, aliombwa ahesabiwe vidonge na avimeze papo hapo mbele ya mgawa dawa. Swali alilokuwa na haki ya kuliuliza ni jepesi kutamka: kwa nini nimeze dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao?

Jibu la kitabibu linafahamika. Minyoo ya matende huishi katika mishipa ya limfu kwa miaka kadhaa, na huzaa vijiminyoo ambavyo huingia katika damu hasa nyakati za usiku. Mbu anayemuuma mtu mwenye vijiminyoo hivyo huvichukua, navyo hukua ndani yake na hatimaye kufikishwa kwa mtu mwingine. Dawa hizo mbili huviua vijiminyoo kwa wepesi zaidi kuliko zinavyoiua minyoo iliyokomaa. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kumnyima mbu mzigo wa kubeba. Wengi walioambukizwa hawana dalili, na hakuna anayeweza kuwatambua kwa macho. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukataka angalau 65% ya wakazi wote wa eneo wameze dawa, mwaka hata mwaka, kwa miaka isiyopungua 5, mpaka minyoo iliyokomaa izeeke na kufa bila kuacha kizazi.

Jibu la kimaadili ni gumu zaidi. Mtu huyu anaombwa aubebe usumbufu, japo mdogo, kwa ajili ya faida ambayo sehemu yake kubwa itawafikia wengine. Geoffrey Rose, mtaalamu wa epidemiolojia wa Uingereza, aliliita jambo la namna hii kitendawili cha kinga katika maandishi yake ya miaka ya 1980: hatua inayoiletea jamii faida kubwa humpa kila mshiriki, akitazamwa peke yake, faida ndogo. Anayeitetea hatua hiyo kwa kuonyesha ukubwa wa jumla tu ameshaingia, ajue asijue, katika falsafa ya manufaa. Na falsafa hiyo ina wapinzani wa muda mrefu ambao hoja zao zinamhusu mhudumu wa zahanati sawasawa na zinavyomhusu mwanafunzi wa falsafa.

Mwingereza Jeremy Bentham aliiweka falsafa hiyo wazi katika kitabu chake cha mwaka 1789, na John Stuart Mill akaitetea na kuirekebisha mwaka 1861. Kiini chake ni kwamba tendo sahihi ni lile linaloleta jumla kubwa zaidi ya ustawi, au linalopunguza zaidi jumla ya mateso, huku ustawi wa kila mtu ukipewa uzito ule ule. Sehemu hiyo ya mwisho husahauliwa na wanaoibeza. Katika hesabu ya Bentham, maumivu ya mkuu wa mkoa hayazidi hata chembe maumivu ya mpara samaki wa Kilindoni. Wazo hilo liliwasha moto chini ya sheria nyingi za upendeleo, na ndilo lililoipa afya ya jamii ujasiri wa kuwafikia watu ambao tiba ya kulipia haikuwahi kuwafikia.

Methali isemayo wengi wape husikika kama muhtasari wa falsafa hii, lakini si sawa nayo. Methali inazungumzia idadi ya watu. Falsafa ya manufaa inazungumzia uzito wa mema na mabaya. Mateso makali ya watu kumi yaweza, katika hesabu yake, kuushinda usumbufu wa kupita wa watu mia. Anayedai kwamba kwa mujibu wa falsafa hii wachache hawana thamani anapigana na kivuli. Pingamizi zenye nguvu zinaanzia mahali pengine.

Ya kwanza inahusu kipimo. Ili mateso yajumlishwe lazima yapimwe, na ili yapimwe lazima yageuzwe kuwa sarafu moja. Tangu Benki ya Dunia ilipotoa ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1993 kuhusu afya, sarafu iliyozoeleka ni miaka ya maisha yenye afya inayopotea kwa kifo cha mapema au kwa ulemavu. Kila hali ya ugonjwa hupewa namba kati ya 0, yaani afya kamili, na 1, yaani kifo. Katika tathmini za dunia za magonjwa zilizotolewa kuanzia mwaka 2010, kuishi na dalili za matende kulipewa namba ya 0.11 hivi. Kwa lugha nyepesi, mtu aliyeishi miaka kumi na mguu uliovimba, wenye ngozi ngumu na unaomzuia kutembea vizuri, amehesabiwa kupoteza mwaka mmoja na ushei.

Namba hiyo si ya kubuni ovyo. Ilitokana na majibu ya watu wengi walioulizwa, kati ya hali mbili za afya walizoelezwa kwa ufupi, ni ipi iliyo na afya bora. Lakini aliyeulizwa alisomewa habari za uvimbe na ugumu wa kutembea. Hakusomewa habari za mwanamume anayeacha kwenda msikitini kwa sababu kanzu haimsitiri tena, wala za binti ambaye posa yake ilirudi baada ya upande wa pili kuuona mguu wa mama yake. Katika mwambao wa Afrika Mashariki busha lina aibu yake ya pekee, na pia ngano zake: wengi wamelelewa wakiambiwa kwamba huletwa na unywaji wa madafu, dhana ambayo katika kisiwa cha minazi humfanya mgonjwa aonekane amejitakia mwenyewe. (Madafu hayana kosa lolote, mwenye kosa ni mbu.) Mtetezi wa falsafa ya manufaa atajibu kwamba aibu nayo ni mateso, basi na iingizwe katika hesabu. Jibu hilo ni sahihi kwa nadharia. Kwa vitendo, kinachopimika kwa urahisi hupata fedha, na kisichopimika hubaki katika maelezo ya chini ya ukurasa.

Pingamizi ya pili ndiyo nzito kuliko zote, na John Rawls wa Marekani aliieleza mwaka 1971 katika kitabu chake kuhusu haki. Mtu mmoja anaweza kwa busara kukubali maumivu ya leo ili apate raha ya kesho, kwa kuwa anayeumia na atakayefurahi ni yule yule. Falsafa ya manufaa huichukua busara hiyo ya mtu mmoja na kuitandaza juu ya jamii nzima, kana kwamba jamii ni mwili mmoja unaotoa mkono huu kuuokoa ule. Lakini jamii ni watu mbalimbali. Hasara ya mmoja haifutwi na faida ya mwingine, hata jumla ikipanda kiasi gani.

Wakazi wa Mafia wanalijua jambo hili nje ya hospitali. Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, na baadhi ya maeneo yakafungwa au yakawekewa masharti ili matumbawe na samaki vipone. Vikipona, vizazi vitanufaika. Hata hivyo, anayezuiwa kutupa nyavu wiki hii ni mvuvi fulani mwenye watoto fulani. Kumwambia kwamba jumla imepanda si kumjibu.

Katika kingatiba mgawanyo wa mzigo una sura yake. Kwa mtu asiye na vijiminyoo, vidonge hupita karibu bila kuonekana. Maudhi huwapata zaidi waliokwisha kuambukizwa: homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka, kuwashwa, kizunguzungu, na kwa baadhi ya wanaume maumivu ya korodani wakati minyoo inapokufa. Kwa kawaida maudhi hayo huisha baada ya siku chache, na ni dalili kwamba dawa imekuta kitu cha kuua. Ila jambo moja halipaswi kufichwa: mwenye busha kubwa la miaka mingi anaweza kupata maumivu zaidi kuliko jirani yake mzima, na vidonge hivyo havitaliondoa busha lake. Yeye hulipa bei ya juu zaidi kwa bidhaa ambayo itatumiwa hasa na watoto wa wenzake. Hesabu ya jumla haimwoni kabisa, kwa sababu ndani ya hesabu hiyo kila kitu kimekwenda vizuri.

Zipo sababu nyingine za kumwomba ameze, na hizo hazitegemei jumla. Wajawazito, watoto wadogo wasiofikia kimo cha kupewa dawa, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja na wagonjwa mahututi hawapewi vidonge. Kinga yao ipo mikononi mwa wanaoweza kumeza. Kila mtu mzima wa Mafia aliwahi kuwa mtoto aliyelindwa, au atawahi kuwa mgonjwa atakayelindwa, na hapo ombi linakuwa la kupokezana, mfano wa jirani kusaidia kushusha jahazi majini akijua zamu yake itafika. Mhudumu anayelieleza hivyo humpa mwenzake sababu anayoweza kuikubali akiwa mtu mwenye hadhi, badala ya kumgeuza kuwa tarakimu inayohitajika kufikisha 65%.

Pingamizi ya tatu inahusu haki ambazo jumla haipaswi kuzivuka. Mfano wake maarufu katika vitabu vya falsafa ni wa daktari wa upasuaji mwenye wagonjwa watano wanaohitaji viungo tofauti, na kijana mmoja mzima aliyekuja kupimwa afya. Akiuawa mmoja, watapona watano. Kila mtu huona kwamba daktari huyo ni muuaji, na kwamba si kwa sababu amekosea kujumlisha. Watetezi wa falsafa ya manufaa hujibu kwamba tunapaswa kupima kanuni badala ya matendo moja moja: kanuni inayoruhusu mauaji hayo ingewakimbiza watu wote hospitalini, na mwisho jumla ingeshuka. Jibu hilo linaokoa hukumu lakini linapoteza sababu. Kijana yule hakudhulumiwa kwa kuwa watu wengine wangeogopa hospitali. Amedhulumiwa kwa kuwa uhai ulikuwa wake.

Dawa hii hii ya ivamektini imeuleta mtihani huo nje ya vitabu. Katika misitu ya Afrika ya Kati, ikiwemo sehemu za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Kameruni, kuna mnyoo mwingine, loa, ambao haupo Tanzania. Mtu mwenye vijiminyoo vingi mno vya loa katika damu, akimeza ivamektini, anaweza kuathirika ubongo, kupoteza fahamu, hata kufa. Hao ni wachache. Wanaookolewa na dawa dhidi ya upofu wa usubi ni wengi. Hesabu tupu ingeweza kusema dawa igawiwe na hasara ikubaliwe. Njia iliyojaribiwa nchini Kameruni mwaka 2015 ilikuwa nyingine: kabla ya kupewa dawa, watu zaidi ya 16,000 walipimwa damu kwa kifaa kidogo kilichounganishwa na simu ya mkononi, na takriban 2% waliokutwa na vijiminyoo vingi mno hawakupewa ivamektini. Hakuna aliyepata madhara hayo makali ya ubongo. Ilihitaji fedha na muda zaidi, na ilistahili. Wachache wale hawakuwa gharama ya mradi. Walikuwa na haki ya kutodhuriwa nao.

Ridhaa nayo imo katika mlango huu. Methali husema mgonjwa haulizwi uji, na wapo wahudumu waliolelewa katika imani hiyo. Kwa asiye mgonjwa methali hiyo haifai hata kidogo, maana hakuja kuomba kitu. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo katika shule za msingi ulifuatiwa na uvumi kwamba watoto wanadhurika. Wazazi walijazana shuleni kwa hasira, vurugu zikazuka, na ugawaji ukasimama. Dawa zilikuwa salama na nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni wazazi kuelezwa kwa wakati kwamba mtoto aliyemeza bila kula huweza kusikia kichefuchefu, na kwamba wanayo nafasi ya kuuliza. Mtetezi wa manufaa atasema kwamba huo ulikuwa uzembe wa kukadiria matokeo. Ni kweli kwa sehemu. Lakini hata kama hakuna mzazi ambaye angekasirika, alistahili kuelezwa.

Pingamizi nyingine mbili zaweza kupitiwa kwa ufupi. Inasemekana kwamba falsafa ya manufaa inadai mno: mwanafalsafa Peter Singer alihoji mwaka 1972 kwamba mtu anapaswa kuwasaidia walio mbali mpaka afike pale ambapo kuendelea kutoa kungemuumiza kiasi kile kile anachokizuia. Muuguzi anayeishi kwa mshahara wa serikali na kulea watoto wa nduguye hana haja ya kusomewa hoja hiyo. Bernard Williams naye, mwaka 1973, alilalamika kwamba falsafa hii humtenga mtu na uadilifu wake mwenyewe, ikimtazama kama bomba tu ambamo matokeo mema hupita. Lalamiko hilo linafahamika vizuri katika hospitali ya wilaya. Mama mwenye uchungu pingamizi anapohitaji kuvushwa kwa boti kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, au kusafirishwa kwa ndege hadi Dar es Salaam, fedha za safari hiyo zingeweza kununua vyandarua vya watu wengi. Daktari aliye mbele yake hapigi hesabu hiyo, na asipoipiga hajakosa mantiki. Mama huyu ni mgonjwa wake. Mahali pa kupima vyandarua na boti ni katika kikao cha bajeti, kabla mgonjwa hajawa na uso na jina; hapo falsafa ya manufaa inatenda kazi yake vizuri, na kuiondoa kungeacha bajeti igawanywe na wenye sauti kubwa.

Linabaki suala la mwenye busha na mwenye matende, ambaye katika kila pingamizi ametajwa na katika kila jumla amepotea. Mpango wa dunia wa kutokomeza ugonjwa huu, ulioanza mwaka ule ule wa 2000, ulipewa nguzo mbili tangu mwanzo: kukata maambukizi, na kupunguza mateso ya waliokwisha kuathirika. Nguzo ya kwanza ilikimbia, kwa kuwa dawa zilitolewa bure na kampuni zinazozitengeneza na mafanikio yake huonekana katika asilimia. Ya pili ilijikokota katika nchi nyingi. Kwa hesabu ya manufaa iliyo finyu, hilo lina mantiki: shilingi inayozuia maambukizi mapya huleta jumla kubwa kuliko shilingi inayomwosha mguu mzee ambaye ugonjwa wake hauambukizi tena. Kwa hesabu ya haki, hapo ndipo deni lilipo. Mzee huyo alimeza vidonge kwa ajili ya watoto wa wenzake, akavumilia maudhi makubwa kuliko yao, naye hakuambulia sehemu yoyote ya kilichopatikana.

Kinachompasa si kikubwa. Busha hutibiwa kwa upasuaji ambao daktari aliyefunzwa huweza kuufanya katika hospitali ya wilaya, na mgonjwa akarejea katika kazi zake baada ya wiki chache. Mguu wa matende haurudi kuwa kama ulivyozaliwa, lakini homa na maumivu yanayouvamia mara kwa mara hupungua sana kwa usafi: kuosha kila siku kwa sabuni na maji safi, kukausha vizuri hasa katikati ya vidole na ndani ya mikunjo ya ngozi, kupaka dawa penye michubuko au fangasi, kuuinua mguu wakati wa kukaa na kulala, kukunja na kukunjua kifundo, kuvaa viatu visivyobana. Mgonjwa anaweza kuyafanya haya mwenyewe nyumbani akifundishwa mara moja na kufuatiliwa. Jambo lililo jepesi kwa mkazi wa Kilindoni huenda likawa gumu kwa mkazi wa Jibondo, kisiwa ambacho kwa muda mrefu kimetaabika kwa uhaba wa maji baridi. Mhudumu anayemwagiza mgonjwa wa huko kuosha mguu kila siku ni lazima kwanza aulize maji yanapatikana wapi na kwa bei gani.

Ni jambo la kutia moyo kwamba sharti la nguzo ya pili limeingizwa katika utaratibu wenyewe. Nchi haiwezi kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii kwa kuonyesha vipimo vya maambukizi pekee; inapaswa pia kuonyesha kwamba huduma kwa wenye matende na mabusha ipo katika maeneo wanakojulikana kuishi. Togo ilithibitishwa mwaka 2017 na Malawi mwaka 2020 kwa masharti hayo. Idadi ya wagonjwa hao yaweza kuwa ndogo kiasi cha kutobadilisha jumla yoyote, na bado majalada yao yakadaiwa.

Kwa mgawa dawa anayepita nyumba kwa nyumba Baleni, Kirongwe au Chole, hilo lina maana ya karibu sana. Yeye ndiye anayefika uani ambako mguu umefunikwa kanga, na ndiye anayejua nyumba ambayo mwanamume wake huwa hatoki nje wageni wanapofika. Akiisha kuandika nani amemeza na nani amekataa, aandike pia nani amevimba, kwa ridhaa yake na kwa siri, na orodha hiyo ifikishwe zahanati na hospitali ya wilaya kabla ya msimu mwingine wa dawa. Mgonjwa naye, akifikiwa na vidonge, ana haki ya kuuliza lini atafikiwa na upasuaji au mafunzo ya kuuguza mguu wake, na haki ya kupewa jibu lenye tarehe.